Mstari wa Mia Sita na Kumi na Moja

Musyimi, uliondoka ukaniachia
fankisheni moja ya mistari mia tisa na arobaini.
Uliipa jina: fanya.
Fanya nini, ndugu yangu? Haisemi.
Inaanza kwa kusoma mita za maji za Umoja Two,
inamaliza kwa kumtumia mteja ankara kwenye simu,
na katikati ni kama, ndani ya kama, ndani ya kama,
hadi maneno yamesukumwa kulia kabisa mwa kioo
mithili ya wapangaji waliobanana roshanini wakitazama moto.

Ghorofa ya nne, Ngong Road, mwezi wa saba.
Baridi imeingia ofisini bila hodi.
Nikifika mstari wa mia mbili
nimeshasahau y ni nani.
Narudi juu. Y ni salio.
Hapana, y alikuwa salio;
njiani amegeuka tarehe.
Nacheka peke yangu. Sanaipei ananitazama.

Juu ya kitanzi cha pili umeandika:
USIGUSE HAPA. INAFANYA KAZI. SIJUI KWA NINI.
Sikujua kuwa mtu mzima huweza kuogopa
kitu alichokiandika kwa mikono yake.

Basi nikashika mkasi.
Kwanza majaribio: ankara mia moja za zamani,
ziingie hivi, zitoke vilevile, hadi senti.
Kisha nikatoa mistari kumi na mitatu,
nikaiita somaMita.
Ikatoka kama jino la utotoni, bila damu.
Kipande cha pili: pangaViwango.
Cha tatu kilikataa.
Kilikuwa kimeshikana na y, na y ameshikana na kila mtu,
mdeni wa mtaa mzima.
Nikampasua y majina mawili, akaachilia.

Siongezi. Sipunguzi. Nahamisha tu,
kama anayehama nyumba bila kuuza hata kijiko.

Jioni nikatoa tozaMajitaka, mistari sita.
Mbele, kwenye mia sita na kumi na moja,
nikakuta sita mingine: herufi tofauti, sura ileile.
Nikaipa jina lilelile. Nikasogeza kiti nyuma, nikasoma:

    somaMita
    pangaViwango
    tozaMajitaka
    ongezaMalimbikizo
    tozaMajitaka

Mara mbili.
Kila mwenye deni la nyuma, mara mbili.
Mama Nasambu! Miezi kumi na minne anapiga simu:
"Mwanangu, mimi naishi peke yangu.
Hayo maji machafu mengine ni ya nani?"
Nasi tukimjibu, mfumo ndio unasema, mama.
Mfumo haukusema kitu. Ulikuwa unanong'ona
mistari mia tisa bila kupumua.

Sanaipei akasema, futa sasa hivi.
Nikamwambia, la. Hamisha, hifadhi, ndipo utibu.
Ukipasua na kutibu kwa mkono mmoja,
mgonjwa akizidiwa hutajua ni kisu au ni dawa.
Tukahifadhi. Tukafuta mstari mmoja.
Stima ikapotea, jengo zima likawa giza,
na kwenye kioo cha kipakatalishi
majina manne yakabaki yakiwaka.
Jina jema hung'aa gizani;
methali niliyoikariri shuleni kwa ajili ya mtihani.

Sikulaumu, Musyimi. Mhasibu aliniambia
wiki ile mwanao alikuwa amelazwa
na bosi alitaka kila kitu Ijumaa.
Nani angetafuta majina usiku huo?

Imebaki mistari mia nne na kitu.
Kile kitanzi chako sijakigusa, wala sijakielewa.
Nimekizungushia ua tu, nikakiandikia mlangoni
sijuiKwaNini.
Angalau sasa kinasema kweli.